Vitamini D na moyo wa mama aliyejifungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kliniki ya wajawazito, kwenye benchi la kusubiri kipimo cha moyo, na nyumbani kwetu. Mimi ni muuguzi, lakini niliyatafutia majibu kwa bidii zaidi baada ya mdogo wangu kuugua moyo wiki ya tatu tangu ajifungue. Nimeanza na yale yanayoweza kuokoa maisha, ndipo nikaingia kwenye vitamini.

Ugonjwa wa misuli ya moyo wa uzazi ni upi hasa?

Ni hali ambayo moyo wa mwanamke aliyekuwa mzima unadhoofika na kushindwa kusukuma damu vizuri, mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, na madaktari wakitafuta sababu nyingine hawaioni. Kwenye cheti cha hospitali mara nyingi utaona herufi PPCM. Kila moyo unapojikaza, hutoa sehemu tu ya damu iliyomo ndani yake. Kwa mtu mzima wa afya sehemu hiyo ni asilimia 55 au zaidi. Kwa ugonjwa huu huwa chini ya 45, na wengine hufika hospitali wakiwa na 20.

Unapatikana duniani kote, ila hauko sawa kila mahali. Kaskazini mwa Nigeria ndiko umeonekana kwa wingi kuliko popote, karibu mama 1 kati ya 100 katika taarifa za zamani za Zaria. Haiti ilihesabiwa 1 kati ya 300, Afrika Kusini 1 kati ya 1,000. Wanawake wenye asili ya Kiafrika, waliopata kifafa cha mimba (pamoja na hatua yake ya mwanzo, kabla ya degedege) au presha, wenye mapacha, na waliovuka miaka 30 wako kwenye hatari zaidi. Lakini unampata pia binti wa miaka 20 mwenye mimba ya kwanza.

Nitajuaje kwamba si uchovu wa uzazi tu?

Hili ndilo swali kubwa. Kila dalili ya ugonjwa huu ina ndugu yake katika uzazi wa kawaida. Miguu hujaa kwa wengi. Kuchoka, nani hachoki akiwa na kichanga? Ndiyo maana hata mimi niliyesomea kazi hii nilimwambia mdogo wangu, "Pumzika mdogo wangu, utazoea."

Alikuwa halali. Nilimkuta usiku ameegemea ukuta, ameweka mito mitatu mgongoni na kanga iliyokunjwa juu yake, mtoto yuko pembeni. Akijilaza chali anakohoa na kutafuta pumzi; akikaa anapata nafuu. Nikabonyeza ugoko wake kwa dole gumba. Nilipoondoa kidole kikabaki kishimo, nikakiangalia kikikaa pale kama alama kwenye unga uliokandwa. Zahanati aliyokwenda mwanzo walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Siku tano baadaye kipimo kilionyesha moyo wake unasukuma asilimia 28.

Kwa hiyo sikia haya: kukosa pumzi ukilala chali, kuamka usiku ukihema kama umetoka kukimbia, kikohozi kikavu kisichokwisha, miguu inayojaa zaidi badala ya kupungua kadiri siku zinavyokwenda tangu ujifungue, uzito kupanda ghafla, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa. Uvimbe wa kawaida wa uzazi hushuka wiki ya kwanza au ya pili. Unaopanda wiki ya tatu una jambo. Kukosa pumzi ukilala si uchovu, na hakusubiri kesho.

Vitamini D inaingiaje kwenye habari ya moyo?

Wengi tunaijua kama vitamini ya mifupa, ile inayozuia matege kwa watoto. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo ufyonze kalsiamu kutoka kwenye chakula. Na kazi ya kalsiamu si kujenga mifupa tu: kila pigo la moyo linaanza kwa kalsiamu kuingia ndani ya seli za misuli yake. Zaidi ya hapo, seli za moyo zenyewe zina vipokezi vya vitamini D, yaani milango ya kuipokea, na panya wa maabara waliozaliwa bila vipokezi hivyo hupata presha na mioyo yao hunenepa. Kwa hiyo wazo la kwamba upungufu wake unaweza kuuchosha moyo wa mama si la kubuni tu. Kuna njia ya pili pia, ya kupitia kifafa cha mimba: wanawake wenye vitamini D ya chini wameonekana kukipata zaidi, na kifafa cha mimba ni mlango mmojawapo wa ugonjwa huu wa moyo.

Lakini njia kuwepo ni jambo moja, na mtu kuwa ameipita ni jambo jingine.

Nimepimwa, vitamini D yangu iko chini. Ndiyo iliyoniletea ugonjwa?

Nakuelewa kwa nini unataka iwe hiyo. Sababu yenye jina na kidonge inapunguza uzito kifuani. Ila fikiria kidogo jinsi mama mgonjwa anavyoishi kabla ya kupimwa. Ana wiki kadhaa hawezi kutembea, yuko ndani. Kama ni mzazi wa arobaini, hatoki kabisa. Hali chakula vizuri. Mwili wenye ugonjwa mkali nao huishusha vitamini D kwenye damu. Tena ngozi nyeusi, ambayo inahitaji jua la muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile, na ugonjwa huu wa moyo, vyote vimo kwa wanawake walewale. Ukiwapima wagonjwa ukakuta vitamini D iko chini, huwezi kujua kama upungufu ndio ulioleta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioleta upungufu, au vyote viwili vimetoka kwenye chanzo kimoja.

Tumeshawahi kupita njia hii na seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Nchini Niger na Kano, Nigeria, kina mama wenye ugonjwa huu walikutwa na seleniamu ya chini. Haiti, alipofanya kazi daktari James Fett kwa miaka mingi, walipopima hawakuuona uhusiano huo. Baadaye Kano wakawapa wagonjwa seleniamu kwa miezi mitatu. Matokeo hayakutosha kusema inatibu. Kipimo cha chini kilikuwa cha kweli, lakini kukijaza hakukuwa tiba.

Yanayojulikana zaidi kuhusu chanzo ni haya. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani na Afrika Kusini walionyesha kwamba prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inaweza kukatwa kipande mwilini, na kipande hicho kikaharibu mishipa midogo ya moyo. Mwaka 2016 utafiti wa wanawake 172 ulikuta asilimia 15 kati yao wana hitilafu kwenye vinasaba vya misuli ya moyo, hasa kile cha protini iitwayo titini. Kwa wengi ni mzigo juu ya mzigo: kinasaba, presha, homoni, lishe. Vitamini D inaweza kuwa kijiti kimojawapo kwenye mzigo huo. Kuiita mzigo wote ni kumdanganya mgonjwa.

Sisi tuna jua mwaka mzima. Upungufu unatoka wapi?

Jua kuwepo angani hakutoshi, lazima liguse ngozi. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, wakachapisha mwaka 2012, walikuta wastani wa vitamini D kwenye damu ni nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri kabisa. Wengi huita upungufu kinapokuwa chini ya 50. Wale ni watu wanaoshinda nje, jua likiwapiga mikono, miguu na mabega. Sasa mlinganishe na mama wa mjini anayetoka alfajiri kwenda ofisini na kurudi magharibi, au anayevaa buibui kila atokapo, kisha akijifungua anakaa ndani siku 40 na mapazia yameshushwa. Jua la nje halimhusu. Ndiyo maana nchi za Ghuba, zenye jua kali, zina upungufu mwingi kwa wanawake. Na ndugu zetu walioko Ulaya wana shida zaidi: majira ya baridi jua la huko halina nguvu ya kutengeneza vitamini D hata ukilisimamia mchana kutwa.

Stara haihitaji kuvunjwa ili kupata jua. Ua wa nyumba, kibaraza cha nyuma, dirisha lililofunguliwa kabisa. Neno hilo "kabisa" nalisisitiza, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayohitajika. Kuota jua nyuma ya dirisha lililofungwa ni joto tu.

Nikinywa vitamini D, moyo utapona?

Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba inaponya au inazuia ugonjwa wa moyo wa uzazi. Majaribio makubwa yaliyopo ni ya watu wenye moyo ulioshindwa kwa sababu nyingine. Leeds, Uingereza, mwaka 2016 walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa yuniti 4,000 kila siku kwa mwaka mmoja (ni zile zinazoandikwa IU kwenye chupa). Nguvu ya kusukuma damu ilipanda kidogo, lakini walipopimwa mwendo hawakutembea mbali zaidi ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Ujerumani wakatoa kiasi hichohicho kwa miaka mitatu kwa wagonjwa 400 kwa jumla, nusu wakipewa vidonge vitupu. Vifo havikupungua, na waliopewa vitamini walihitaji mashine za kusaidia moyo mara nyingi zaidi. Marekani nako, watu zaidi ya 25,000 wasio wagonjwa walifuatiliwa, na vitamini D haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi.

Hapa kwetu Dar es Salaam wajawazito 2,300 wanaoishi na VVU waligawanywa, baadhi wakapewa yuniti 3,000 kwa siku hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Haikupunguza vifo vya kina mama wala watoto kuzaliwa wadogo. Na kuhusu kifafa cha mimba, wapitiaji wa tafiti waliosema mwaka 2019 kwamba vitamini D huenda inapunguza hatari yake, waliporudia kazi mwaka 2024 na kuondoa majaribio yasiyoaminika, walisema ushahidi hautoshi.

Upungufu ukionekana, ujazwe. Mifupa yako na maziwa ya mtoto vinahitaji. Lakini chupa ya vitamini isikucheleweshe siku hata moja kufika kwenye kipimo cha moyo. Mdogo wangu aliuziwa moja na mtu aliyemhakikishia kwamba ni ya "kusafisha moyo", na ile siku aliyoitumia kuisubiri ilinifanya nilie.

Kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge vya vitamini D kwa kila mjamzito. Kwa anayeshukiwa kuwa na upungufu linataja yuniti 200 kwa siku. Marekani wanahesabu mahitaji ya mjamzito na anayenyonyesha kuwa 600, na kikomo 4,000 bila usimamizi wa daktari. Daktari anayetibu upungufu uliopimwa anaweza kuandika zaidi kwa muda, na hilo ni sawa kwa sababu anakufuatilia.

Ukizidisha kwa miezi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, kufunga choo, mawe kwenye figo, na mapigo ya moyo kuvurugika. Kama umeandikiwa digoksini, dawa ya moyo, kuwa mwangalifu mara mbili, kwani kalsiamu ikipanda dawa hiyo hugeuka sumu kwa urahisi. Mwonyeshe daktari kila chupa unayotumia, hata uliyoletewa zawadi kutoka nje. Mafuta ya ini la samaki nayo mjamzito asiyanywe kiholela, maana yana vitamini A nyingi ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dagaa, samaki wenye mafuta na kiini cha yai ni njia tulivu zaidi.

Kukandwa maji ya moto na uji wa arobaini vina madhara kwa moyo?

Swali hili huulizwa na kina mama wakubwa, na lina historia. Miaka ya 1970 madaktari wa Zaria waliwaona wanawake wa Kihausa wakiogeshwa maji ya moto sana baada ya kujifungua, wakilala juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake, na kunywa uji wenye kanwa, ile chumvi ya magadi inayotoka Ziwa Chad, kwa siku 40. Wakaona joto na chumvi vinaujaza mwili maji na kuuelemea moyo. Utafiti mkubwa wa baadaye nchini Nigeria ulitaja mambo mengine kuwa na uzito: kukosa elimu rasmi, kukosa kazi, uzito mdogo wa mwili, na kuwahi kupata kifafa cha mimba. Ukiyasoma yote manne kwa pamoja, unasoma umaskini.

Kwa mzazi mwenye afya, bibi aendelee kumkanda kwa maji yasiyounguza. Mkono wa bibi una faida yake. Kwa aliyekwisha kugunduliwa na ugonjwa, chumvi ipungue sana, na uji usitiwe magadi.

Na mtoto je?

Hapa naomba usome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo vitamini D na moyo vinapokutana bila ubishi.

Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini D ndani yake ni kidogo, na mama akiwa na upungufu inakuwa karibu hakuna. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama tumboni. Akiba ikiwa haba, na mtoto naye hatolewi nje, kalsiamu ya damu yake hushuka. Na kama nilivyosema, bila kalsiamu msuli wa moyo haujikazi. Madaktari wa kusini mashariki mwa Uingereza walikusanya habari za watoto wachanga 16 waliofikishwa kwao kati ya 2000 na 2006 wakiwa na moyo uliotanuka na kushindwa, sababu ikiwa ni upungufu huu. Wote walikuwa wa familia zenye ngozi nyeusi au asili ya Asia, na wengi wao walinyonya maziwa ya mama pekee. Sita kati yao moyo ulisimama. Watatu walikufa. Waliobaki walipopewa kalsiamu na vitamini D mioyo yao iliimarika.

Kwa hiyo ugonjwa huu wa mtoto una tiba, na una kinga inayowekwa kwa tone mdomoni. Nchi nyingi za kaskazini hupendekeza yuniti 400 kwa siku kwa mtoto anayenyonya. Wewe uliyeko London, Toronto au Muscat, na hasa kama unajifunika au hutoki, usimwache mtoto bila matone hayo. Mtoto anayehema kwa kasi, anayetoka jasho akinyonya, anayeachia ziwa kila mara kutafuta pumzi, au anayepata degedege bila homa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Matibabu ya mama ni yapi, na naweza kunyonyesha?

Kuna dawa za kutoa maji yaliyozidi mwilini kama furosemaidi, za kuupunguzia moyo mzigo kama enalaprili, za kutuliza mapigo, na mara nyingi za kuzuia damu kuganda. Enalaprili haitolewi kabla ya kujifungua kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni, ila baada ya hapo huweza kutumika kwa anayenyonyesha. Wengine hupewa bromokriptini, inayozima ile prolaktini. Ukiinywa maziwa hukauka, na lazima iende pamoja na dawa ya kuzuia kuganda kwa damu. Uamuzi huo uzungumzwe na mama mwenyewe, siyo juu ya kichwa chake. Mdogo wangu alilia kwa ajili ya maziwa kuliko alivyolia kwa ajili ya moyo, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Wangapi hupona?

Rejista iliyokusanya wanawake 739 kutoka nchi 49, ikachapishwa mwaka 2020, ilikuta asilimia 46 mioyo yao imerudi kawaida ndani ya miezi sita, na asilimia 6 walikuwa wamefariki. Wengine huchukua mwaka au zaidi. Usiache dawa kwa sababu umeanza kupanda ngazi bila kuhema. Mwulize daktari, apime tena.

Naweza kubeba mimba nyingine?

Kama moyo haujarudi kawaida, jibu ni hapana, mimba inaweza kukuua. Kama umerudi, hatari ipo bado, na inapangwa pamoja na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Kwa kupanga uzazi, epuka vidonge vyenye estrojeni kwa sababu huongeza kuganda kwa damu; kitanzi, vipandikizi na sindano ni salama zaidi. Mume ahudhurie mazungumzo haya. Nimeona wake wakibebeshwa peke yao siri ambayo inawahusu wawili.

Nikifika hospitali niseme nini ili nisikilizwe?

Sema hivi, kwa maneno haya: "Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Nikilala chali nakosa pumzi. Miguu inazidi kujaa. Naomba nipimwe moyo." Taja wiki zako kamili, na kama ulipata presha, taja. Kipimo chenyewe huitwa eko, ni ultrasaundi ya moyo, haina mionzi na haiumi; hospitali za rufaa wanayo, na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Wakikuambia ni nimonia, pumu au upungufu wa damu, pokea dawa, kisha uliza kwa upole, "Na moyo, dokta, tumeuangalia?" Ukiweza nenda na mtu wa kukusemea, kwa sababu mwenye kuhema hawezi kubishana. Kadi ya kliniki na chupa zote za dawa, hiyo ya vitamini D ikiwemo, zitie kwenye mfuko mmoja.